Hatua ya makundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wa mashindano ya mataifa

Kila Kombe la Dunia, AFCON au Euro inapoanza, maswali ni yale yale. Timu hii ikitoka sare inapita? Mbona wenzao wana pointi sawa na wamewekwa juu? Kuna maana gani kutazama mechi ya timu ambazo zimeshaaga? Majibu yapo hapa chini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hatua ya makundi ndiyo tamu kuliko zote, na utamu wake anaupata anayefuatilia kundi zima, siyo yule anayezima televisheni timu yake ikimaliza kucheza.

Hatua ya makundi inachezwaje?

Timu nne huwekwa kundi moja. Kila timu inacheza na wenzake watatu mara moja tu, kwa hiyo kundi lina mechi sita. Ushindi una pointi 3, sare pointi 1, ukifungwa hupati kitu. Hakuna muda wa ziada wala mikwaju ya penalti. Dakika 90 na za nyongeza zikiisha mkiwa sare, mnagawana pointi na kwenda zenu. Katika Kombe la Dunia pointi 3 za ushindi zilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo ushindi ulikuwa na pointi 2, jambo la kukumbuka ukisoma misimamo ya zamani.

Timu mbili za juu zinapita moja kwa moja. Mashindano yenye timu 24, kama AFCON tangu 2019 na Euro tangu 2016, yana makundi sita na huchukua pia timu nne bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu. Kombe la Dunia lilikuwa na timu 32 kuanzia 1998 hadi 2022, na hapo wa tatu alikuwa anarudi nyumbani. Kuanzia 2026 timu ni 48 katika makundi 12, wanapita wawili wa juu na timu nane bora za nafasi ya tatu. Mechi za makundi peke yake ni 72 kati ya 104 za mashindano yote.

Timu zikilingana pointi, nani anakaa juu?

Hapa ndipo mashabiki wengi hubishana hadi sauti zinakauka, na mara nyingi wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anasema kanuni za mashindano tofauti.

Zipo njia mbili. Ya kwanza inaangalia tofauti ya mabao katika mechi zote za kundi, halafu mabao ya kufunga. Hiyo ndiyo iliyotumika Kombe la Dunia hadi 2022. Ya pili inaanza na matokeo ya timu zenyewe zilipokutana: kama mna pointi sawa na ulinifunga, unakaa juu yangu hata kama nimewachapa wengine mabao kumi. AFCON na Euro hufuata njia hii, na Kombe la Dunia limeihamia kwa mashindano ya 2026. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "wao wana mabao mengi, wanapita", kwanza muulize tunazungumzia mashindano gani.

Hata timu zenyewe hukosea. Oktoba 2011, katika mechi za kufuzu AFCON ya 2012, Afrika Kusini walitoka suluhu na Sierra Leone nyumbani, tena wakacheza kwa kupoteza muda. Kipyenga kikalia, wachezaji wakacheza ngoma uwanjani wakiamini wamefuzu. Walikuwa wanahesabu tofauti ya mabao, kumbe kanuni ilitazama matokeo ya timu zilizolingana. Aliyefuzu ni Niger.

Mkilingana hapo pia, zinahesabiwa kadi. Senegal ndiyo timu ya kwanza kutolewa Kombe la Dunia kwa kadi, tarehe 28 Juni 2018. Wao na Japani walikuwa na pointi 4 kila mmoja, tofauti ya mabao sawa, mabao ya kufunga sawa, na walipokutana walitoka 2-2. Japani walikuwa na kadi za njano 4, Senegal 6. Dakika za mwisho Japani walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Poland na bado wakapigiana pasi za nyuma bila kushambulia, kwa sababu walijua Senegal nao wako nyuma 1-0 mbele ya Colombia. Waliomba tu Senegal wasisawazishe, na hawakusawazisha. Inauma hadi leo kwa yeyote aliyekuwa upande wa Senegal, maana kadi za njano ni kitu ambacho shabiki huwa hakihesabu.

Mwisho kabisa, zamani, ilikuwa kura. AFCON ya 2015 Guinea na Mali walitoka 1-1 katika mechi zao zote, pamoja na ile waliyokutana wao kwa wao. Kura ikapigwa, Guinea wakaenda robo fainali. Timu imefanya mazoezi miaka, halafu safari yao inaamuliwa na kura! Sioni ajabu kanuni za Kombe la Dunia la 2026 zimeweka nafasi ya timu katika viwango vya FIFA mahali pa kura.

Ni pointi ngapi zinatosha kupita?

Pointi 6 ni karibu uhakika popote. Pointi 4 mara nyingi zinatosha, hasa pale ambapo wa tatu naye ana nafasi, lakini usilale. Euro ya 2024 timu zote nne za Kundi E, yaani Romania, Ubelgiji, Slovakia na Ukraine, zilimaliza na pointi 4, na Ukraine waliokuwa mkiani wakatoka. Kombe la Dunia la 1994 Kundi E lilikuwa hivyo hivyo: Mexico, Ireland, Italia na Norway wote pointi 4, wote tofauti ya mabao sifuri. Norway walitoka kwa sababu walifunga bao moja tu. Italia waliponea hapo wakafika fainali.

Pointi 3 ni za kusubiri wengine wamalize. Ureno walitoka sare zote tatu Euro ya 2016, wakapita kama wa tatu, wakabeba kombe. DRC walitoka sare tatu AFCON ya 2023 wakafika nusu fainali. Kwa upande mwingine, New Zealand walitoka sare tatu Kombe la Dunia la 2010, wakarudi nyumbani wakiwa timu pekee ambayo haikufungwa mashindano yale yote, mabingwa Hispania wakiwemo kati ya waliofungwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1982. Italia na Kameruni walikuwa kundi moja, kila mmoja akatoka sare tatu. Italia walikuwa wamefunga mabao 2, Kameruni 1. Kwa bao hilo moja Italia wakapita, na wiki chache baadaye wakawa mabingwa wa dunia. Kameruni waliaga bila kufungwa mechi hata moja.

Hizo "timu bora za nafasi ya tatu" zinapatikanaje?

Wa tatu wa kila kundi anaingizwa katika jedwali lao la peke yao, na wanapangwa kwa pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, na kuendelea. Kwa kuwa hawakukutana, matokeo ya wao kwa wao hayapo.

Jambo ambalo watangazaji hawalisemi vya kutosha: makundi yanayomaliza mwisho yana faida. Timu ya Kundi A inamaliza mechi zake halafu inakaa hotelini siku mbili tatu ikisubiri, wakati ya kundi la mwisho inaingia uwanjani ikijua kabisa inahitaji nini. Ndiyo sababu mfumo huu, pamoja na raha zake, siupendi sana kama ule wa timu 32, ambao ulikuwa mkali na wa haki zaidi.

Lakini bila mfumo huo tusingepata hadithi ya Kodivaa. AFCON ya 2023, iliyochezwa Januari na Februari 2024, wenyeji Kodivaa walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao. Wakabaki na pointi 3 na deni la mabao matatu. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka. Siku mbili wakakaa wakisubiri makundi mengine, na Morocco walipowafunga Zambia 1-0 ndipo wenyeji wakapata nafasi ya mwisho kabisa. Emerse Faé, aliyekuwa msaidizi, akapewa timu. Tarehe 11 Februari waliwafunga Nigeria 2-1 katika fainali.

Kwa nini mechi mbili za mwisho za kundi huchezwa wakati mmoja?

Kwa sababu ya Algeria na yaliyowapata kwenye Kombe la Dunia kule Hispania mwaka 1982.

Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1 katika mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, mabao ya Rabah Madjer na Lakhdar Belloumi. Wakafungwa na Austria 2-0, kisha wakawafunga Chile 3-2 tarehe 24 Juni. Ushindi mara mbili katika mechi tatu. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi wakakutana na Austria, na wote wawili walijua hesabu: Ujerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wanapita na Algeria wanatoka. Horst Hrubesch alifunga dakika ya 10. Baada ya hapo, kadiri mechi ilivyoendelea, mpira ukawa wa kupigiana pasi bila nia ya kufunga. Watazamaji walizomea, Waalgeria jukwaani wakapunga noti za fedha hewani. Mechi ikaisha 1-0.

Tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi mbili za mwisho za kundi huanza pamoja. Haizuii kila kitu. Euro ya 2004 sare ya 2-2 au zaidi kati ya Denmark na Uswidi ilikuwa inaitoa Italia hata kama Italia wangeshinda, na ikaisha 2-2 kweli. Ila angalau siku hizi hakuna anayeingia uwanjani akiwa na jibu la mtihani mfukoni.

Sasa nitatazamaje mechi mbili kwa mpigo?

Chagua moja iwe kuu, uitazame kwenye skrini kubwa na sauti yake. Ya pili iweke kwenye simu au televisheni ndogo bila sauti. Usirukeruke kati ya chaneli kila dakika. Ukifanya hivyo utakosa mabao ya pande zote mbili. Rukia tu pale bao linapoingia au penalti inapotolewa.

Halafu, chukua karatasi na penseli. Hili nalisisitiza kwa kila mtu ninayetazama naye. Andika timu nne, pointi walizoingia nazo, mabao ya kufunga na ya kufungwa. Kila bao likiingia, futa na uandike upya msimamo kama mpira ungeisha sasa hivi. Televisheni huonyesha msimamo huo lakini hupita haraka, na ukiuandika mwenyewe utaona kitu ambacho jedwali la kwenye skrini halikuonyeshi: bao gani moja, katika uwanja gani, linageuza kila kitu.

Chukulia Kundi E la Kombe la Dunia la 2022, usiku wa 1 Desemba. Japani na Hispania uwanja mmoja, Kosta Rika na Ujerumani mwingine. Hadi mapumziko Hispania na Ujerumani wanaongoza 1-0 kila mmoja, wakubwa wawili wanapita, karatasi imetulia. Dakika ya 48 Ritsu Doan anasawazisha. Dakika ya 51 Ao Tanaka anafunga la pili baada ya Kaoru Mitoma kurudisha mpira uliokuwa umekaribia kutoka wote. VAR, yaani waamuzi wa video, ikaonyesha umebaki juu ya mstari kwa upana usiofika milimita 2. Japani juu, Hispania wa pili, Ujerumani nje. Dakika ya 58 Kosta Rika wanasawazisha. Dakika ya 70 Kosta Rika wanaongoza 2-1, na sasa angalia karatasi: Japani 6, Kosta Rika 6, Hispania 4, Ujerumani 1. Timu iliyochapwa 7-0 na Hispania siku ya kwanza inapita, Hispania na Ujerumani wote wanafungasha! Hali hiyo ilidumu kama dakika tatu, hadi Kai Havertz aliposawazisha dakika ya 73. Ujerumani wakashinda 4-2 na bado wakatoka kwa tofauti ya mabao, kwa sababu Hispania walikuwa na yale mabao saba.

Aliyekuwa anatazama mechi moja tu usiku ule aliona nusu ya kisa. Mchezaji wa Hispania aliyekuwa anapiga pasi za pembeni dakika ya 71 alikuwa ametolewa kwenye mashindano, na ungeweza kumwona ukijua hilo, au kumwona bila kujua lolote.

Upande wa uchungu ni Morocco ya 1998. Waliwachapa Uskoti 3-0, wakawa wameshapita kwa sababu Brazil waliongoza mbele ya Norway. Kisha Norway wakasawazisha dakika ya 83, na Kjetil Rekdal akafunga penalti dakika ya 89. Norway 2, Brazil 1. Morocco nje. Wachezaji waliokuwa wanasherehekea ushindi wa mabao matatu waliambiwa habari uwanjani.

Majirani wanashangilia kabla yangu. Nifanye nini?

Matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya yale ya satelaiti au antena, wakati mwingine kwa nusu dakika nzima. Kama unatazama kwa intaneti, zima arifa za programu za matokeo na weka simu ya makundi ya gumzo mbali. Kama una njia zote mbili, mechi kuu itazame kwa ile inayowahi.

Kwa aliyerekodi ili atazame baadaye, ushauri ni huo huo, ila ongeza jambo moja: rekodi ipite muda uliopangwa kwa dakika thelathini hivi. Siku hizi mpira hauishi dakika ya 93.

Kwa nini dakika za nyongeza zimekuwa nyingi hivyo?

Kombe la Dunia la 2022 waamuzi waliagizwa kufidia muda wote uliopotea kwa mabao, mabadiliko ya wachezaji, majeruhi na VAR. Mechi ya Uingereza na Iran, iliyoisha 6-2, ilikuwa na dakika 14 za nyongeza kipindi cha kwanza peke yake, baada ya kipa Alireza Beiranvand kuumia kichwani. Kwa maoni yangu ni mabadiliko mazuri mno. Kipa anayejilaza chini kupoteza muda sasa anajua dakika zile zitarudi.

Timu yangu imefungwa mechi ya kwanza. Nianze kufunga virago?

Hapana, kabisa. Hispania walifungwa 1-0 na Uswisi mwaka 2010 na wakawa mabingwa. Argentina walifungwa na Kameruni 1-0 mwaka 1990, wakafika fainali. Argentina hao hao, tarehe 22 Novemba 2022, wakafungwa 2-1 na Saudia, wakamaliza na kombe mikononi.

Ila kipigo cha kwanza hubadilisha mechi ya pili, na mechi ya pili ndiyo ninayowaambia watu wasiikose. Watu huisubiri ya kwanza kwa hamu na ya tatu kwa hesabu, ya pili wanaipuuza. Hapo ndipo kocha anapoonekana ametengenezwa na nini. Argentina walipokutana na Mexico siku nne baada ya Saudia, kipindi cha kwanza hawakupiga chochote cha maana. Wachezaji wanapokea mpira wakiwa wamegeukia goli lao wenyewe, kila pasi inaangaliwa mara mbili. Mexico walikuwa wanapata wanachotaka. Kisha dakika ya 64 Lionel Messi alipokea mpira katikati, nje ya eneo la penalti, akaugusa mara moja kuuweka sawa, akaupiga chini kona ya mbali. Enzo Fernández, aliyeingia kipindi cha pili, akaongeza dakika ya 87. Ukitafuta mechi iliyowapa Argentina kombe lile kabla ya mtoano, ni hiyo.

Na tukifungwa mabao mengi?

Wanawake wa Morocco walifungwa 6-0 na Ujerumani katika mechi yao ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, mwaka 2023. Wakaifunga Korea Kusini 1-0, wakaifunga Colombia 1-0, kisha wakasimama uwanjani mjini Perth wakitazama simu, wakisubiri mechi ya Ujerumani na Korea Kusini iishe. Iliisha 1-1. Morocco wakapita, Ujerumani wakatoka.

Kwa nini kocha anapumzisha nyota wake mechi ya tatu?

Kwa sababu ameshapita, na mtoano unaanza baada ya siku chache. Pia kadi: mchezaji akipata za njano katika mechi mbili tofauti hukosa inayofuata, kwa hiyo mwenye moja tayari ni hatari kumchezesha bila sababu. Shabiki aliyelipia tiketi kumwona nyota ana haki ya kununa. Lakini Kameruni wa 1990, wakiwa wameshawafunga Argentina na Romania, walichapwa 4-0 na Muungano wa Kisovyeti mechi ya tatu na bado wakaongoza kundi. Mechi ya kocha ilikuwa ile inayofuata.

Mechi ni nyingi. Nichague zipi?

Raundi ya kwanza, tazama timu usizozijua. Vigogo utawaona baadaye, hao wengine huenda wana mechi tatu tu. Raundi ya pili, chagua mechi ambayo mmoja wao amefungwa siku ya kwanza. Raundi ya tatu, chagua kundi ambalo timu zote nne bado ziko hai.

Lile linaloitwa "kundi la kifo" usiliamini sana. Majina makubwa yakikaa pamoja mara nyingi huogopana na kupaki basi, yaani wote kurudi nyuma kujilinda. Makundi yasiyo na jina ndiyo huwaka moto.

Bingwa mtetezi si ana uhakika wa kupita?

Ufaransa walitoka makundini mwaka 2002 bila kufunga hata bao moja, baada ya kuanza kwa kufungwa 1-0 na Senegal, bao la Papa Bouba Diop. Italia walitoka 2010, Hispania 2014, Ujerumani 2018. Mabingwa watetezi wanne kati ya watano katika kipindi hicho. Brazil peke yao ndio waliovuka, mwaka 2006. Baadaye, 2022, Ufaransa nao walivuka.

Nina mgeni asiyejua mpira. Nimweke mbele ya mechi gani?

Mechi ya tatu ya kundi, na umpe yeye ile penseli. Hatahitaji kujua kuotea ni nini ili aelewe kwamba Uruguay wanahitaji bao moja. Tarehe 2 Desemba 2022 Uruguay waliongoza 2-0 dhidi ya Ghana tangu dakika ya 32 na walikuwa wanapita. Dakika ya 91, katika uwanja mwingine, Hwang Hee-chan akaifungia Korea Kusini la pili dhidi ya Ureno. Pointi sawa, tofauti ya mabao sawa, Korea wamefunga 4, Uruguay 2. Luis Suárez, aliyekuwa ameshabadilishwa, akafunika uso kwa jezi benchini. Wakorea wakakusanyika duara katikati ya uwanja wakitazama simu moja. Na Ghana, waliokuwa nyuma 2-0, wakawa wanajilinda kwa nguvu zote Uruguay wasipate la tatu. Ya mwaka 2010, Suárez alipozuia bao lao kwa mkono robo fainali, hawakuyasahau.

Timu ikishatolewa, au ikikaribia kutolewa, mechi yake ya mwisho ina maana gani?

Ina maana kubwa, na mechi hizi ninazipenda kwa dhati. Tunisia waliifunga Ufaransa 1-0 mwaka 2022, bao la Wahbi Khazri, na wakatoka kwa sababu Australia waliifunga Denmark. Kameruni waliifunga Brazil 1-0 siku mbili baadaye, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kuifunga Brazil Kombe la Dunia. Vincent Aboubakar alipiga kichwa dakika ya 92, akavua jezi akijua ana kadi ya njano tayari. Mwamuzi Ismail Elfath alimwendea akitabasamu, akampa mkono kwanza, ndipo akamwonyesha nyekundu.

Kuongoza kundi kuna faida gani kuliko kuwa wa pili?

Mara nyingi unakutana na mpinzani mwepesi zaidi, kwa maana unapangiwa wa pili au wa tatu wa kundi jingine. Lakini fungua ratiba ya mtoano kabla ya mechi ya tatu, uangalie njia zote mbili hadi nusu fainali, maana wakati mwingine upande wa pili una nafuu. Lile Kundi E la 2022 Japani waliongoza wakapangiwa Croatia, Hispania wa pili wakapangiwa Morocco waliokuwa wameongoza Kundi F kwa pointi 7. Wote wawili walitoka kwa penalti.